Hodi za Kompyuta Nazo Ziulizwe Jina

Nyumba ya kale ya Lamu haimwoneshi mpita njia yaliyomo. Mgeni hubisha hodi, hupokewa dakani, na hata mlango ukiwa wazi jicho lake hugonga ukuta kabla halijafika kiwandani. Ndani kabisa ni kwa wenyewe. Wazee waliojenga hivyo kwa mawe ya matumbawe hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba ukarimu na usalama vyaweza kukaa nyumba moja. Ajabu ni kwamba sisi warithi wao tumeingiza kompyuta majumbani, tukaiacha bila daka.

Nayasema haya kwa sababu ya jirani yangu wa mtaa wa Langoni, mama wa makamo anayekodisha vyumba viwili kwa wageni. Asubuhi moja alipokea barua pepe iliyodai kutoka kwa mteja, na ndani yake kiambatisho kilichoitwa stakabadhi ya malipo. Alikifungua. Kufikia adhuhuri kila faili katika kompyuta ilikuwa imefungwa kwa fumbo asilolijua, na kwenye kioo pametokea maandishi yanayodai fidia kwa sarafu za kidijitali. Hesabu za wageni hazikumliza. Kilichomliza ni sauti ya marehemu babake akighani tungo zake, pamoja na picha za karatasi alizoziandika kwa hati za Kiarabu ambazo mchwa walikwisha kuzila. Nakala alikuwa nayo, lakini katika diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana. Nayo ilifungwa pia.

Ndugu msomaji, hapakuvunjwa mlango hapa. Mwizi alibisha hodi, akaambiwa karibu. Ndivyo yanavyoanza mengi ya mashambulizi haya: hila ya mtu hutangulia, hila ya mashine ikafuata. Barua hutiwa haraka, hofu au tamaa, ili msomaji abonyeze kabla ya kufikiri.

Wako wanaodhani kwamba wezi hawa huwaandama matajiri wa Nairobi tu, na kwamba kisiwa chetu kiko mbali. Ni kweli kwamba wakubwa wameguswa. Mnamo Aprili 2023 maduka ya Naivas yalitangaza kwamba yameshambuliwa na programu ya aina hiyo hiyo ya kudai fidia. Julai mwaka huo mtandao wa eCitizen ulifurikwa na maombi ya uongo hata wananchi wa kweli wasiweze kupita. Waziri wa wakati huo, Bw Eliud Owalo, alikiri shambulizi hilo, akasema hakuna data iliyopotea. Lakini barua ile ya stakabadhi haiulizi umbali. Hutumwa kwa maelfu ya watu kwa mkupuo mmoja, na gharama ya kumfikia mtu wa Faza ni sawa na ya kumfikia mtu wa Westlands. Ikiwa wenye mafundi wa kuajiriwa hutikiswa, sembuse mama mwenye vyumba viwili?

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta humtoza anayeingia katika kompyuta ya mwenziwe bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, sheria humwadhibu mwizi akishikwa. Haimrudishii mtu sauti ya babake.

Wataalamu nao hutushauri tuipakulie kompyuta marekebisho kila yanapotolewa, kwani hayo ndiyo yanayoziba nyufa zilizogunduliwa. Ushauri ni mwema, ila umeandikwa na mtu asiyehesabu bando. Nakiri kwamba mimi mwenyewe niliyazuia marekebisho hayo kwa miezi mingi, kwa kuwa yalikuwa yakila intaneti niliyoinunua kwa kazi. Tena kompyuta zetu nyingi ni za mitumba, na baadhi yake huuzwa zikiwa na programu za wizi. Tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft imekoma kutoa matengenezo ya kawaida ya bure kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa kuyarefusha hadi Oktoba 2026. Mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwenye mashine hiyo anaweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure. Lakini nani amemwambia?

Hata hivyo, yapo yasiyohitaji fedha nyingi. Nakala ya vitu vya thamani iwekwe katika diski inayochomolewa mara tu kazi iishapo, ifungiwe kabatini. Watoto na wageni wafunguliwe akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Flashi itokayo kwenye duka la kuchapisha ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Neno la siri la barua pepe liwe refu, na lisitumike penginepo. Na kiambatisho usichokitarajia kisifunguliwe mpaka umempigia simu anayedaiwa kukituma, kwa nambari uliyokuwa nayo tangu hapo, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Lakini mzigo huu hauwezi kuachiwa mwenye nyumba peke yake. Mnamo Juni 2023 serikali ilijivunia kuingiza huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen. Mwenye kumlazimisha raia apite njia fulani ana wajibu wa kuiwekea taa. Zitengwe siku katika shule na ofisi za umma, Amu na Faza hadi Kizingitini, watu walete kompyuta zao zipakuliwe marekebisho bila malipo, na wafundishwe kwa Kiswahili namna ya kuitambua barua ya hila. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mabilioni yaliyomwagwa kwenye bandari mpya ya Lamu.

Jirani yangu hakulipa fidia, na alifanya vyema, kwa maana anayelipa hana dhamana ya kurudishiwa. Ameinunua diski nyingine, naye huichomoa kila jioni. Haina kitu cha babake.