Vita vya Panzi

Watu wengi hudhani kwamba mji hufa kama afavyo mzee: umri ukitimia pumzi hukatika, wala hapana wa kulaumiwa. Mimi sikubaliani nao. Miji mingi hufa ingali michanga, na mara nyingi mkono wa binadamu umo katika kifo hicho. Nipe sikio lako, msomaji kijana, nikueleze habari za miji miwili, kisha uamue mwenyewe.

Katika jimbo la Kansas, nchini Marekani, ziko mbuga pana za majani ambazo jicho huzitazama mpaka likachoka pasipo kuona mti. Kwa sheria ya mwaka 1862, mtu aliweza kupata huko ekari 160 akikaa humo na kulima kwa muda wa miaka mitano. Watu wakamiminika. Mwaka 1887 kaunti mpya iliundwa, ikaitwa Garfield, na ndani yake miji miwili, Ravanna na Eminence, ikasimama kutazamana kama mafahali katika zizi moja. Kila mmoja ulitaka kuwa makao makuu.

Uchaguzi ukafanywa mwaka huo huo. Chuki ilikuwa kubwa hata, kwa masimulizi, akaletwa Bat Masterson, mlinzi wa sheria aliyevuma kwa bastola yake, ili kura zipigwe bila damu kumwagika. Ravanna ikatangazwa mshindi. Eminence ikalalamika kwamba kura zimeibwa, ikaenda mahakamani, na mwaka 1889 Mahakama ya Juu ya Kansas ikaipa haki. Ugomvi haukuisha. Hatimaye kaunti yenyewe ilionekana kuwa ndogo kuliko maili za mraba 432 zilizotakiwa na sheria. Mwaka 1893 ikafutwa, na ardhi yake ikaunganishwa na kaunti jirani ya Finney. Makao makuu yaliyogombewa yakawa makao ya kitu kisichokuwapo! Leo miji yote miwili imetoweka. Ravanna imebakiza magofu ya mawe katikati ya majani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Yuko atakayesema: “Usiwaonee wafu. Ukame ndio uliowaua.” Ni kweli kwamba mwishoni mwa miaka ya 1880 mvua ilipungua, na walowezi walioaminishwa kwamba nchi ikilimwa mvua huongezeka waliuona uongo wa maneno hayo. Lakini ukame hauchagui. Uliupiga pia mji wa Garden City, makao makuu ya Finney, nao upo mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa karibu na mto Arkansas, watu wake wakachimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Tena ulikuwa penye reli. Ravanna na Eminence hazikufikiwa na reli. Fedha, muda na akili zilizotumika katika kesi hazikuchimba kisima hata kimoja. Siwalaumu wale watu kwa kukosa mvua. Nawalaumu kwa kushindania kiti hali nyumba inaungua.

Mwingine atasema kwamba makao makuu ni uhai wa mji, kwa kuwa huleta mahakama, makarani na wanunuzi. Hoja hii ina sura nzuri, lakini miguu yake ni mibovu. Ofisi huishi kwa kodi, na kodi hutoka shambani na dukani. Shamba lisipozaa na duka lisipouza, ofisi itakula nini? Eminence ilikipata kiti ilichokitaka, nacho hakikuiokoa.

Tena liko neno ambalo waombolezaji wa miji hiyo hupenda kulisahau. Husema kwamba waanzilishi wake waliikuta nchi tupu. Nakataa. Nchi ile ilikuwa na Wacheyenne, Wakiowa na Wacomanche, waliowinda nyati wa mbuga zile. Kwa mikataba ya mwaka 1867 walitakiwa kuhamia kusini, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Na kabla ya miaka ya 1870 kwisha, nyati waliouawa na wawindaji wa ngozi walikuwa karibu wamekwisha katika nyanda zile. Basi yafaa tuulize: ni haki gani kuililia miji iliyotoweka, na kunyamaza juu ya watu waliofukuzwa ili miji hiyo ipate kusimama? Machozi yanayochagua hayana haki.

Nami sikukuletea habari hizi ili uwacheke wageni wa mbali. Kesho utaitwa wewe kupiga kura au kuketi katika baraza. Utasikia watu wakigombania ofisi, soko au shule iwe kwao wala isiwe kwa jirani. Siku hiyo usiulize kwanza, “Ni ya nani?” Uliza maji yako wapi, njia inapita wapi, na watu watapata wapi riziki. Ukiulizwa sababu ya maswali hayo, wasimulie wenzako habari za Ravanna na Eminence, zilizogombania kaunti hata zikabaki bila kaunti.