Mradi umefungwa, ordinateri inauzwa: majina ya watu yanabaki ndani?

Tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, na USAID kufunga kazi rasmi tarehe 1 Julai mwaka ule, miradi mingi ya mashariki mwa Kongo imesimama. Mradi ukifungwa, magari yanarudishwa, meza zinagawanywa, na ordinateri zinauzwa okazioni ao zinapewa wafanyakazi.

Huku Beni na Butembo jambo hilo lina uzito wake. Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200, na kila mgonjwa aliandikwa pamoja na wale waliomkaribia. Kuna pia orodha za wakimbizi wa ndani, na za wanawake waliobakwa. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za namna hiyo, lakini sheria haiwezi kufungua diski na kuchungulia.

Watu wanasema: "Tulishafanya fomati." Fomati ya haraka inatoa tu orodha ya yaliyomo, mafaili yenyewe yanabaki. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuyarudisha. Kwa diski za SSD, hata kuandika juu yake mara nyingi hakufikii kila pembe. Inafaa diski yenyewe ipewe amri ya kujifuta yote. Kwenye Linux, inayowashwa kwa kle ya USB, amri hiyo inapita kwa programu hdparm.

Ndiyo hapo mafundi wanakwama: hdparm inaonyesha kwamba diski imegandishwa. Haijaharibika. Ni BIOS inayoigandisha kila mashine inapowaka, ili virusi visije vikaiwekea neno la siri ao kuifuta. Dawa yake inachekesha kidogo: laza ordinateri usingizi sekunde chache bila kuizima, kisha iamshe. Diski ilikatiwa umeme, na mara nyingi BIOS haiigandishi tena wakati wa kuamka. Ikikataa, jaribu diski hiyo ndani ya mashine nyingine.

Baada ya hapo unaiwekea diski neno la siri la muda, ndipo inakubali amri ya kufuta. Hakikisha kwanza ni diski gani, maana hakuna kurudi nyuma. SSD inamaliza kwa dakika chache; diski ya kuzunguka, ya zamani, inaweza kuchukua masaa. Na huku kwetu, masaa bila umeme kukatika si jambo la kutegemea: umeme ukienda katikati, diski inabaki imefungwa kwa neno lile. Basi chagua neno rahisi, liandike kwenye karatasi, na utumie mashine yenye betri iliyojaa.

Diski mpya za NVMe hazitumii hdparm, zina programu yao, nvme-cli. Na diski iliyokufa, isiyojibu amri yoyote, haifutiki namna hii. Hiyo isiuzwe hata kwa bei ya vyuma: itobolewe, na kama ni SSD, kila chipu ivunjwe.