DIZELI NAYO HUOZA

Wakubwa wanadhani dizeli ni kama chumvi, ukiiweka imekaa. Si kweli. Toka Tabora hadi Ujiji, njia ile ya misafara ya zamani, majenereta mengi ya hospitali sasa ni ya akiba. Hata Kigoma ilianza kuungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2022. Basi dizeli inalala tangini miezi na miezi. Tangi likiwa nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji usiku, yanazama chini. Hapo vijidudu huzaliana, hufanya utelezi mweusi unaoziba chujio. Umeme ukikatika mama yuko mezani anapasuliwa, jenereta linakohoa, linazima. Kisha tunaambiwa jenereta ni bovu, zabuni mpya itangazwe! Zabuni ya nani?

Tunasema: tangi lijazwe, likae kivulini, maji yafunguliwe chini kila wiki, jenereta liwashwe mara kwa mara, na dizeli isipitishe miezi 12. Mapipa yalazwe, pipa lililosimama mvuani hunyonya maji kupitia kizibo. Na kila halmashauri ibandike daftari la matangi yake ukutani, wananchi walisome.