Jongoo Asihukumiwe Bila Insafu

Kila mwaka, mvua ndefu zinapoanza mwezi wa Machi na wakulima wa Kosele na vijiji jirani vya Rachuonyo wakashika majembe kuinua matuta ya viazi vitamu, husikika lalamiko lile lile: kwamba jongoo wametoka ardhini kwa wingi, kwamba wanakata marando yaliyopandwa juzi na kutafuna mbegu za karanga na maharagwe kabla hazijachipua, na kwamba dawa yao ni sumu tu. Lalamiko hili si la kupuuzwa, kwa kuwa mwenye kulitoa aghalabu ni mama ambaye tuta lile ndilo chakula cha watoto wake na ndilo karo yao. Lakini hukumu inayofuata, ya kwamba jongoo ni adui na popote aonekanapo auawe, hiyo ndiyo ninayoipinga, kwa sababu imepitishwa kabla mashahidi wote hawajasikilizwa.

Tumtazame kwanza alivyoumbwa. Jongoo si tandu, wala hana sumu ya kuuma. Akiguswa hujiviringa na kutoa majimaji yenye harufu kali, yaachayo doa la kahawia kidoleni. Chakula chake cha asili ni mmea uliokwisha kufa. Inua rundo la majani ya mwembe lililolala tangu mwaka jana, nawe utamkuta katika tabaka la chini penye unyevu, akila jani lililolainishwa na ukungu na kuibakisha mishipa yake. Na kando yake utaona vidonge vidogo vyeusi, ambavyo ni kinyesi chake, na ambavyo ukivisugua kiganjani husagika vikachanganyika na udongo usiweze kuvitenga tena. Kazi hiyo, ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya, ni mwanzo wa mboji: jani likisha kuvunjwavunjwa, vijidudu visivyoonekana kwa macho hupata njia ya kulimaliza, na rutuba iliyokuwa imefungwa ndani yake hurudi katika mizizi. Katika nchi ambayo mbolea ya dukani huuzwa kwa bei isiyowezekana kwa kila mtu, si busara kumfukuza afanyaye kazi hii bila ya ujira.

Wala kadhia hii si yetu peke yetu. Huko Uingereza yuko kiumbe mdogo wa kijivu akaaye chini ya mawe na magogo, ambaye kwa nasaba ni jamaa ya kaa na kamba, na ambaye wenye bustani humlaani kila wamkutapo ndani ya tunda la stroberi lililotoboka. Na wajuzi wa bustani huwajibu ya kuwa mara nyingi tundu hilo lilitobolewa na konokono, naye akaingia baadaye kutafuta kivuli na mabaki. Kupatikana mahali penye uharibifu si ithibati ya kuwa ndiye aliyeharibu.

Hata hivyo insafu haitaki tumtetee jongoo kwa uwongo. Watafiti waliowahoji wakulima wa viazi vitamu kaskazini-mashariki ya Uganda, wakaanza kuchapisha matokeo yao mwaka 2004, walithibitisha kwamba jongoo huleta hasara ya kweli. Ila walichokiona zaidi ya hapo ndicho chenye mafunzo kwetu. Hasara ilizidi pale viazi vilipopandwa juu ya shamba lililotoka kuvunwa viazi, na pale karanga zilipofuata viazi katika ardhi ile ile. Maana yake ni kwamba jongoo hazidi kwa uovu wa tabia yake, bali kwa karamu tunayomwandalia sisi wenyewe: marando makuukuu yaliyoachwa yakaoza, viazi vibovu vilivyosahauliwa mchangani, na shamba jipya lililopakana na la zamani, hata asiwe na haja ya kusafiri.

Tena mkulima akipasue kiazi kilichoharibika akitazame, kwani huenda mkosaji si yule anayemdhania. Fukusi wa viazi hutaga mayai katika shina, na katika kiazi kilichofunuliwa na ufa wa ardhi wakati wa kiangazi. Funza wake huchimba vijia vyembamba vilivyojaa uchafu mweusi, na kiazi chote hugeuka kichungu kisiliwe. Jongoo huacha shimo pana, na mara nyingi huingia palipokwisha kujeruhiwa. Atakayemuua jongoo na kumwacha fukusi atakuwa amemwadhibu mdogo na kumsamehe mkubwa.

Na kwa nini viazi hukaa ardhini hata vikaliwa? Kwa sababu mama wa Kosele hana ghala jingine ila ardhi yenyewe. Huchimba vya leo na kuviacha vya kesho, na huo ni utaratibu wa hekima. Lakini viko pia viazi vilivyokomaa kwa ajili ya soko, ambavyo hubaki mchangani kwa kuwa mchuuzi amekuja na gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba hata likapita kipimo, na mwenye shamba akaona afadhali angoje kuliko kudhulumiwa. Wiki zile za kungoja ndizo wazilazo fukusi na jongoo. Na jongoo ndiye anayebebeshwa lawama ambayo nusu yake ni ya soko.

Sasa niseme juu ya sumu. Kenya tumekwisha kuonja matunda yake: dawa ya chembechembe iliyoitwa Furadan, iliyokusudiwa kuua wadudu wa mazao, iligeuzwa ikatiwa katika mizoga kuua simba na katika chambo kuua ndege, mpaka mwaka 2009 watengenezaji wake wakaiondoa katika maduka ya nchi hii. Sumu itiwayo katika tuta haimchagui jongoo. Huwapata pia nyungunyungu, na siafu wawindao wadudu, na kuku afukuaye pembeni, na mikono ya mpandaji asiye na glavu. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na hapa mti tunaoutupa ni uhai wa ardhi yetu.

Njia ya sawa ipo, nayo haina gharama kubwa. Shamba likisha kuvunwa, marando na viazi vibovu vyote viondolewe, marando mazuri wapewe ng'ombe na vilivyobaki vitiwe katika shimo la mboji, ambako jongoo ataifanya kazi yake pasipo kumdhuru mtu. Viazi visifuatwe na karanga wala na viazi vingine. Ufuate mtama au wimbi. Shamba jipya lisipakane na la zamani. Matuta yafukiwe udongo kila yanapopasuka, ili fukusi asipate mlango. Na mazao ya soko yavunwe yakomaapo. Jambo hilo halitawezekana mpaka Kaunti ya Homa Bay isimamie mizani sokoni na kukomesha lumbesa, na bwana shamba aonekane mashambani mwezi wa Februari, kabla ya mvua.

Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa Maria Andrade, Jan Low, Howarth Bouis na Robert Mwanga wa Uganda, kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, na hasa kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinavyowakinga watoto na upungufu wa vitamini A. Basi mbegu njema tumekwisha kuipata. Iliyobaki ni kuitunza ardhi itakayoipokea. Hukumu yangu juu ya jongoo ni hii: ni mtumishi wa shamba lililopangwa, na ni mharibifu wa shamba lililoachwa ovyo, na maadamu kupanga au kuacha ovyo ni khiari yetu, lawama tusimtwishe yeye.