Anachezea Simu, Maumivu Yako Wapi?

Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini Muscat hupokezwa maneno mengi kabla hajashika faili la mgonjwa. Lililo baya kuliko yote ni hili: mgonjwa wa selimundu anayechezea simu haumwi, anatafuta morfini tu.

Oman takriban asilimia 6 ya watu wana vinasaba vya selimundu, kwa hiyo wagonjwa hawa utawaona mapema. Kijana aliyezoea kuumwa tangu utotoni amejifunza kujisahaulisha: atachezea simu, atapiga soga, hata atacheka. Hakuna kipimo cha damu kinachopima maumivu, na presha yaweza kuwa sawa kabisa huku mifupa yake inawaka moto. Mwenye habari ni yeye. Mwongozo wa 2020 wa chama cha madaktari wa damu cha Marekani unataka dawa itolewe ndani ya saa moja tangu afike dharura, kisha maumivu yaangaliwe tena kila baada ya dakika 30 hadi 60.

Neno jingine utakalolisikia: "Akishalala, kazi imekwisha." Hapa ndipo inapoanza. Usingizi huo waweza kuwa nafuu, waweza kuwa morfini imezidi. Hesabu pumzi zake dakika nzima; akiwa macho, mshike kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha. Zikiwa 8 au pungufu, mwamshe na mwite daktari. Zikifika 25, tena ana homa na kifua kinambana, usingoje asubuhi: huenda mapafu yameanza kushambuliwa. Hatari hii hupenda kuja siku mbili tatu baada ya kulazwa, mgonjwa akiwa mikononi mwetu. Ndiyo maana tunamketisha na kumvutisha pumzi ndefu kumi kila saa mbili akiwa macho. Aliyenyimwa dawa hawezi kuzivuta; hupumua juu juu, na ubahili wetu ndio unaomharibia kifua.

"Mashine inasema oksijeni 96." Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kipimo cha kidoleni kinakosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Muscat ina watu wa kila rangi. Mtazame na mgonjwa.

"Bibi mwenyewe kasema alhamdulillah." Bibi wa hapa Muscat aliyezaliwa Unguja atasema hivyo hata kama hakupata lepe la usingizi, ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Muulize yanayojibika: Bibi, usiku umelala? Chooni umekwenda mwenyewe, au umeshikwa mkono?

Na lile la wakubwa: "Daktari ndiye anayefikiri, muuguzi anatekeleza." Christine Tanner, mwalimu wa wauguzi Marekani, alishaonyesha mwaka 2006 jinsi muuguzi anavyofikiri: anagundua, anafasiri, anatenda, kisha anatafakari. Lakini hata bila Tanner, saa nane usiku daktari yuko upande wa pili wa simu na macho yaliyopo kitandani ni yako. Ukimwambia "mgonjwa hayuko vizuri," atakuuliza vipi. Mwambie: "Saa nne alikuwa anapumua 18, sasa 26. Oksijeni ilikuwa 97, sasa 92. Joto 38.4, na anasema kifua kinamchoma akivuta pumzi. Naomba uje."