Jedwali Hujibu Lililoulizwa

Kila mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kutafuta logi katika kitabu cha majedwali anaijua kazi hii: kidole hushuka kwenye safu ya kwanza hadi kwenye namba inayotakiwa, kisha huenda kulia mpaka kwenye jibu. Lahajedwali ya kompyuta, iliyoanza kuenea kwa programu ya VisiCalc mwaka 1979, hufanya kazi ile ile ya kidole. Hatari ni kwamba kidole huongozwa na macho, lakini fomula hutii tu.

Fomula ya VLOOKUP hupewa mambo manne: kitu kinachotafutwa, jedwali, namba ya safu yenye jibu, na agizo kama ulinganifu uwe kamili au wa kukaribia. Agizo hilo la nne likiachwa, kompyuta hufuata ulinganifu wa kukaribia: huchukua thamani kubwa kuliko zote ambayo haizidi ile inayotafutwa, ikidhani kwamba safu ya kwanza imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa.

Ulinganifu huo una mahali pake. Katika madaraja ya mtihani wa Kidato cha Nne, F huanzia 0, D 30, C 45, B 65 na A 75. Mwenye alama 64 hupata C kwa usahihi, ijapokuwa 64 haimo katika jedwali. Lakini njia hiyo hiyo ikitumiwa kwa namba za wanafunzi, namba isiyokuwamo huweza kupewa alama za mwanafunzi mwingine, wala hakuna onyo litakalotokea. Ulinganifu kamili ungalionyesha kwamba namba haikupatikana. Yafaa mwanafunzi afundishwe kwamba onyo hilo si aibu; jibu la uongo lililovaa sura ya ukweli ndilo la kuogopwa.

Hata ulinganifu kamili hautoshi. Mwalimu wa Sumbawanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jina la Sumbawanga hubebwa na halmashauri mbili, ya manispaa na ya wilaya. Majedwali yakiandika jina hilo peke yake mara mbili, VLOOKUP hurudisha la kwanza na kunyamaza juu ya la pili. Tena, anayetafuta idadi ya watu wa Mkoa wa Rukwa atapata zaidi ya 1,100,000 katika sensa ya mwaka 2002, na 1,004,539 katika sensa ya mwaka 2012. Je, watu waliikimbia Ufipa? La, hasha. Mwaka 2012 Mpanda ilitengwa na Rukwa ukazaliwa Mkoa wa Katavi, ambao katika sensa hiyo ulikuwa na watu 564,604. Jina ni lile lile, lakini nchi inayotajwa nalo si ile ile.

Wapo wasemao kwamba hatari hizi zimekwisha, kwa kuwa fomula mpya ya XLOOKUP huanza na ulinganifu kamili. Hilo ni jema, lakini hakuna fomula ijuayo historia ya mipaka ya mkoa. Mwenye kuijua ni mtu.

Kwa hiyo somo hili lisisubiri kila shule ipate kompyuta. Ubao na chaki vyatosha. Mwalimu achore jedwali la vijiji au mavuno ya mahindi, kisha awaulize wanafunzi: ni safu ipi isiyorudia thamani hata moja? Limepangwa kwa utaratibu gani? Ni la mwaka gani, na mipaka ipi? Asiyeweza kujibu maswali hayo ubaoni hatasaidiwa na mashine. Atafikia kosa lake upesi zaidi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na jedwali nalo halina budi kuulizwa kabla ya kuaminiwa.