Jani Lilichumwa Saa Ngapi?

Kila mwaka wanafunzi wa shule zetu za sekondari hulitia jani aidini, hungoja rangi ya buluu iliyokoza, kisha huandika: "Jani lina wanga." Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Yafaa mwalimu aulize: lilichumwa saa ngapi?

Mwanga wa jua uliangukiapo jani, mmea huunganisha maji na hewa ya ukaa na kufanya sukari. Sehemu ya sukari hiyo husafirishwa mara moja kwenda mizizini, kwenye vichipukizi na matunda. Sehemu nyingine hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba ndani ya jani lenyewe. Akiba hiyo huongezeka tangu asubuhi hadi jioni. Usiku wanga huvunjwa tena kuwa sukari, ili mmea upumue na kukua. Kupambazukapo, ghala hukaribia kuwa tupu. Mjerumani Julius von Sachs alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba wanga wa jani ni zao la mwanga, na kwamba hutoweka gizani.

Mkakao, unaolimwa sana Kyela na pia katika mkoa wetu wa Morogoro, ni mfano mzuri. Asili yake ni misitu ya Amazon, chini ya kivuli cha miti mirefu, nao huchipua majani kwa vipindi. Majani hayo machanga, ambayo mara nyingi huwa mekundu, bado hayajitegemei. Hulishwa na yaliyokomaa. Kwa hiyo mkulima afyekaye kivuli chote, au akiachaye kiwe kizito mno, anagusa mapato na matumizi ya kila siku ya mti wake.

Vitabu vingi huagiza mmea ufungiwe gizani siku 1 au 2 kabla ya jaribio. Kule Ulaya nilikosomea, usiku wa kiangazi ni mfupi, na agizo hilo lina maana. Hapa kwetu usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima. Hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila sanduku.

Napendekeza majani ya mmea mmoja, hata maharage, yachumwe saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Kila jani litiwe mara moja katika maji yanayochemka, ili mabadiliko yakome. Kisha yaondolewe rangi ya kijani kwa spiriti iliyowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wowote, ndipo yatiwe aidini. Shule za Matombo, ambako mawingu ya Bahari ya Hindi huegemea Milima ya Uluguru, zilinganishe matokeo na shule za Morogoro mjini.

Wapo watakaosema kwamba vipindi ni vifupi na mtihani hauulizi saa. Lakini kuchuma jani hakuhitaji kipindi. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya jani huliwa kila usiku, na mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatahitaji kulikariri.